Bega la sita kwenye lango la Cwmhaearn

Saa moja kasorobo asubuhi, Eirlys Pugh yuko uani kwa Maddocks, mzika maiti wa mji, akilisugua gari la maiti kwa kitambaa cha ngozi. Mvua inanyesha. Kuosha gari mvuani ni kazi ya wendawazimu, lakini hapa Cwmhaearn gari hili halitoki chafu, na mvua ya bonde letu haina likizo.

"Likifika makaburini juu litakuwa limejaa matope," anasema bila kuinua kichwa. "Lakini mlangoni kwa mfiwa ling'ae. Watu wa huku wanachungulia, usione wamefunga mapazia."

Eirlys ana miaka hamsini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza nyuma ya usukani huu, kwa pauni kumi na mbili na ushee kwa saa. Kabla ya hapo alikuwa kantini ya kiwanda cha chuma cha pua, akiwamiminia chai watu wa zamu. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2003, chai na wanywaji wake waliondoka siku moja.

Zamani watu elfu sita walikuwa wakipita kwenye lango la chini kwa zamu tatu. Matanuri yalichukua miezi minane kuvunjwa, na palipokuwa na lango sasa pana egesho la magari la duka kubwa.

"Walituambia masizi yataisha, na kweli yakaisha," anasema Eirlys. "Mama yangu alikuwa anayalaani kila akianika shuka. Mwaka wake wa mwisho aliniambia shuka zimekuwa nyeupe mno, hazimpendezi."

Lango halipo, lakini desturi yake ipo. Mtu wa tanuri akifa, gari husimama pale, wanaume sita hulishusha jeneza na kulibeba mabegani hatua mia mbili, kupita mbele ya lango lisilokuwapo, kisha hulirudisha garini. Ni wanaume tu. Wanawake hubaki nyumbani kwa mfiwa wakikata mikate na nyama ya paja la nguruwe.

Eirlys aliruhusiwa kufika langoni kwa sababu ya usukani. Masharti yalikuwa mikono iwe juu ya usukani, dirisha liwe juu na macho yawe mbele. Kwa miaka kumi na tisa aliwatazama wanaume wakipita, na kila mara alikuwa akimfikiria mtu mmoja.

Mtu huyo ni baba yake, Idwal Pugh, mwenye miaka tisini na mmoja, anayeishi naye nyumba moja. Akina Pugh wamejaa bonde zima, lakini Idwal Kijiko ni mmoja. Ndiye aliyekuwa akichota chuma kilichoyeyuka kwa kijiko kirefu kuliko mtu, akakitazama, akasema kama kimeiva. Mkewe alikuwa akiwaambia majirani kwamba chuma alikijua, ila viazi vya kwake hakuwahi kujua vimeiva lini.

Zamu yake ya tanuri namba mbili ilikuwa na watu kumi na tisa. Mwaka huu ulianza na wawili, Idwal na Gomer Dakika Tano, aliyeitwa hivyo kwa sababu kila alipoitwa alijibu, "Nipeni dakika tano."

Idwal alitaka abebwe na watu wa zamu yake, na watu wenyewe walikuwa wanakwisha. Eirlys, mtoto wake wa pekee, alimwambia zaidi ya mara moja, "Baba, nitakubeba mimi."

"Wewe utakata mikate," Idwal alikuwa akijibu.

"Mimi ndiye mtoto wako."

"Ndiyo maana nataka mikate ikatwe vizuri."

Eirlys anayasimulia haya akicheka, kisha kicheko kinamkauka. Anakiri kwamba jibu lile lilimuuma. Watu wa bonde zima amewafikisha makaburini, na wa kwake angemtazama kupitia kioo.

Mwezi uliopita kifua cha Gomer kilimshinda, akiwa na miaka themanini na minane. Siku ya mazishi wabebaji walikuja watano. Wa sita, mpwa wake wa Newport, alipiga simu kwamba goti limevimba na hawezi kushuka ngazi. Maddocks alisimama mlangoni kwa marehemu akikuna kidevu.

"Tuna toroli," akasema kwa sauti ya chini. "Lina magurudumu ya mpira, halina kelele."

Glenys, mjane wa Gomer, akatoka jikoni na aproni yake, kisu cha siagi mkononi.

"Magurudumu ni ya kubebea chuma chakavu, Maddocks. Chakavu ndicho kilichokuwa kikisukumwa tanurini. Mume wangu hasukumwi."

"Basi nani, Bi Glenys? Vijana wote wako kazini Cardiff."

Glenys akamgeukia dereva. "Huyu ana mabega."

"Bi Glenys, baba yupo kule langoni," Eirlys akasema. Kweli, jirani alikuwa amempeleka Idwal mapema kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini.

"Najua alipo. Siku tanuri lilipotapika moto, Gomer alimtoa baba yako amembeba mgongoni na hakuomba ruhusa kwa mtu. Funga koti lako. Mume wangu amechelewa maisha yake yote, sitaki achelewe na leo."

Ndivyo ilivyokuwa. Penye lango Eirlys alizima gari, akashuka, akashika nafasi ya nyuma kushoto. Jeneza lilipopanda mabegani likaelemea upande wake, maana wenzake walimzidi urefu kwa vidole vinne. Mbao ikamkata shingoni. Mteja mmoja aliyekuwa akisukuma ununuzi wake akasimama na kuvua kofia.

Idwal naye alivua kofia, kwa ajili ya Gomer. Lakini binti yake alipomfikia, mzee aligeuza uso na kulitazama duka.

"Uzito niliuweza," anasema Eirlys. "Uso ule ndio ulionishinda. Nilizihesabu hatua nisije nikalia, maana ningelia wangesema, ona, ndiyo maana hatuwaruhusu."

Nyumbani, ukimya ulidumu siku tisa. Idwal alikula na kulala, na akiulizwa alijibu ndiyo au hapana. Glenys alipita mara mbili na keki kutazama hali, akaondoka akitikisa kichwa. Jumapili ya pili, wakati wa chakula cha mchana, Eirlys alikuwa akipakua supu ya kondoo na liki, mzee akaweka kijiko chini.

"Jeneza lilikuwa limeinama."

"Najua, Baba."

"Upande wako."

"Najua. Kula, inapoa."

"Sikutaka kuona, nikatazama dukani. Sasa duka lenyewe limejengwa kwa vioo, nikawaona wote humo ndani." Akalisogeza bakuli kando. "Wale watano walikuwa wanatembea kama wametumwa maziwa. Wewe ulikuwa unaweka mguu bapa. Nani alikufundisha?"

"Utotoni nilikuwa nakufuata nyuma kila Jumamosi. Si ulikuwa unatembea hivyo hivyo, hata barabarani?"

Watu wa tanuri walitembea polepole, unyayo wote chini, kwa kuwa sakafu ya kule haikumsamehe aliyeteleza. Mzee alisogeza kiti chake hadi kabatini, akavuta droo ya chini, akatoa taulo la jasho walilokuwa wakilivaa shingoni, limetobolewa na cheche. Akalikunja mara mbili na kumwambia binti yake asimame wima kwenye fremu ya mlango. Akajiinua kwa kushika fremu, akaliweka begani pake, akaegemeza mpini wa ufagio juu yake kama fundi anayepima ukuta.

"Bado kidole," akasema. Akalikunja tena. "Haya. Sasa hutawainamishia watu."

Supu ilipoa na hakuna aliyeijali. Eirlys anasema alikaa chini akalia kwa raha zake, na baba yake akamwachia alie.

Sasa kila Jumamosi asubuhi, kabla duka halijachangamka, wanawake sita hufanya mazoezi ya kubeba jeneza, wakibeba mlango wa zamani wa kabati la nguo kupita penye lango. Glenys ni mmoja wao, ana miaka sabini na tisa na hataki kuambiwa apumzike. Idwal hukaa pembeni na kofia yake akiwakaripia. Wiki iliyopita alimwambia Glenys anatembea kama bata, Glenys akamjibu kwamba ataangushwa yeye kwanza.

Mpango wa Eirlys ni kwamba hapa pasibebwe mtu kwa toroli tena, awe wa tanuri au wa kantini. Taulo analiombea likae drooni miaka kumi.

Jumamosi iliyopita, walipoweka mlango chini, alimuuliza baba yake kile alichokuwa akiogopa kuuliza, kwamba siku ya mzee ikifika, yeye asimame wapi.

"Mbele kushoto," akajibu Idwal. Hapa kwetu hiyo ni nafasi ya kifungua mimba wa kiume. Mzee akalitazama egesho la magari, kisha akamtazama binti yake. "Na usinikimbize. Nilipita hapa miaka thelathini na minane nikikimbizwa na king'ora cha zamu. Safari hiyo twende polepole."