Korongo Hawakula Mpunga Wangu

Mimi nikishika neno siliachi, na mama mkwe wangu alilijua hilo tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yangu. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba sitawafukuza tena korongo katika shamba langu la mpunga, hakupoteza muda kunibembeleza. Alisema tu kwamba nitavuna peke yangu, na kijijini kwetu Wema maneno hayo si mzaha.

Huku kando ya Tana mpunga unalindwa kwa pamoja. Tangu unapotia maziwa mpaka unapokauka, kila nyumba inakuwa na mtu juu ya dungu, kile kichanja cha miti, kombeo mkononi kuanzia alfajiri. Anayelegea anawafungulia ndege mlango, na wakishaingia kwake wanaenea kwa wote. Adhabu yake inajulikana: siku ya kuvuna hutamwona mtu. Na mpunga uliokomaa haungoji. Mto ukipanda kabla hujamaliza, umelima bure. Mafuriko yalikuwa yameshachukua mpunga wangu wa msimu uliopita. Huu ndio uliokuwa umebaki.

Korongo ninaowasema ni wale weupe wenye weusi kwenye mabawa na miguu mirefu myekundu. Hufika mwishoni mwa mwaka na kupotea masika yanapokaribia. Shuleni tuliambiwa wanakimbia baridi ya Ulaya, nami niliridhika. Siku moja nikiwa juu ya dungu nilimwangusha mmoja kwa donge la udongo, nikajisifu kweli kweli, maana shabaha yangu naijua. Kisha nikampasua, nipate kumwonyesha mama mkwe mpunga wetu ulioibwa.

Tumboni mlikuwa na panzi watupu, wengine miguu bado imekunjika vizuri, na chura mdogo mmoja. Nilichakura kwa kidole nikitafuta punje, sikupata hata moja. Niliona aibu ambayo sijaisahau. Wezi wangu walikuwa kwelea, wale wadogo wanaoshuka kwa maelfu; huyu alikuwa akinilindia.

Niliwaita majirani waje waone.

"Huyo hakubahatika," mama mkwe alisema. "Wenzake wameshiba." Watu wakacheka. Akaongeza, "Mwanangu, ndege ni ndege. Ukianza kuchagua, kesho kila mtu atakuwa na ndege wake wa kumwacha."

Maneno yale yalikuwa na akili, na hilo ndilo lililoniudhi.

Siku chache baadaye mfugaji mmoja wa Kiorma, mzee wa makamo, alipitisha ng'ombe wake kwenye malka, ile njia ya mifugo ya kwendea mtoni inayopakana na shamba langu. Wakati wa kiangazi sisi na wao hatusalimiani kwa moyo mweupe. Mwaka uliotangulia nilimrushia madonge mzee huyo huyo. Korongo walikuwa wakifuata nyuma ya ng'ombe wake, wakidaka panzi walioshtuliwa na kwato. Nilimwuliza kama ni kweli ndege hao wanakimbia baridi.

"Mama, mimi nahama kila mwaka," alisema. "Watu nasema nakimbia jua. Jua mimi nimezaliwa ndani yake. Majani kwisha, ng'ombe nalia, basi mimi nahama. Mvua kinyesha kule, mimi narudi, ng'ombe nazaa kule."

Nilikaa juu ya dungu na maneno hayo siku nzima. Ndege ana manyoya. Baridi peke yake angeivumilia. Lakini baridi ikiingia kwao panzi wanakufa, vyura wanajichimbia ardhini, naye atakula nini? Ndiyo maana anakuja mpaka kwetu. Joto likirudi huko, wadudu wakajaa na siku zikawa ndefu za kulisha makinda, naye anarudi. Anafuata chakula chake, na chakula chake kilikuwa kikila majani ya mpunga wangu.

Basi nikashikilia. Kwelea niliwapiga mpaka bega likavimba, asije mtu akasema nimewafungulia mlango. Korongo niliwaacha watembee. Mpunga ulipokomaa nilishuka shambani na kisu changu, na kweli hakuja mtu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa juu wa mto, na sehemu kubwa ya mpunga bado imesimama. Niliogopa, sitaficha. Lakini kwenda kuomba radhi kwa jambo nililoliona kwa macho yangu, hilo lilinishinda.

Siku ya nne nilisikia mtu akikata upande wa pili wa shamba. Alikuwa mama mkwe, kanga kaifunga kiunoni. Nilimwendea.

"Nimekuja kukata mpunga," alisema bila kuinua kichwa. "Sikuja kukwambia kwamba ulikuwa na haki."

"Sijakuuliza, mama."

Alikata mashada mawili matatu zaidi.

"Wangu umeliwa na panzi," alisema. "Mwakani korongo wakija, asirushe mtu donge upande wangu."