Kipande Kisicho na Mwitaji

Usiponiamini sitakulaumu, maana hata mimi ningesimuliwa haya na mtu mwingine ningemwuliza amekunywa nini. Lakini yamenipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, ofisini Croydon, taa zote zikiwaka.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa kushuku. Mama yangu kule Tanga husema nilizaliwa nikimtazama mkunga kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo kazi yangu inanifaa: nasafisha programu kuukuu ya kampuni inayohudumia wazee wanaoishi peke yao. Programu ina vipande vingi vidogo, kila kimoja na kazi yake, na kimoja hukiita kingine zamu yake ikifika. Kipande kisichoitwa na chochote ni takataka, unakifuta. Siku hizi kumtafuta mwitaji ni kazi ya wakala wa akili mnemba. Wangu nimempa jina Shushushu. Amepewa chombo cha kufuatilia miito, anapekua msimbo wote, yaani maandishi yote ya programu, anarudi na jibu: hiki kinaitwa na kile.

Siku hiyo Shushushu aliniletea kipande chenye jina hodi_mama. Kiswahili! Ofisi nzima Mswahili ni mimi, na sikukiandika. Kilikuwa na kazi moja tu, kupiga namba moja ya simu. Mwitaji: hakuna. Nikamwamuru atafute tena. Hakuna. Niambie, wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri wizi, mtu anapiga simu zake kwa gharama ya kampuni.

Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Ilikuwa alasiri, lakini Desemba ya London unaijua, kiza kilishaingia. Kando ya birika alisimama mwanamume wa makamo, koti zito mwilini, shingoni hana kitambulisho. Akaniambia kwa Kiswahili cha Kongo, bila hata salamu:

"Dada, ile usiitoe. Mama iko anasahau moto."

Amejuaje ninachokifanya? Nikamwuliza yeye ni nani. Akaliangalia birika tu. Nikashuka mbio kumwita mlinzi. Tuliporudi hapakuwa na mtu, na mlinzi akaapa hakuna aliyepita mlangoni. Basi hapo nikawa na hakika kwamba ni njama, na jamaa yule ni mwenzao. Nikakifuta kipande, nikapeleka mabadiliko hewani. Nilijiona mshindi, nakwambia kweli.

Haukupita muda mrefu, skrini ikaanza kujaa alama nyekundu za hitilafu. Kuna kitu kilikuwa kinakiita hodi_mama. Kinakiita, kinakikosa, kinakiita tena. Nikamwambia Shushushu safari hii asisome maandishi tu, afuatilie programu ikiwa inafanya kazi. Nani anaita? Akajibu: mwitaji hapatikani. Na miito ikazidi kufuatana, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua.

Woga ulinishika, sikufichi. Nikachukua simu yangu, nikaipiga ile namba. Ikalia sana kabla bibi mmoja hajapokea, sauti ya usingizi.

"Shikamoo mama," nikasema. "Umezima jiko?"

Nikasikia ndala zikiburuzwa, dirisha likifunguliwa kwa nguvu, na kikohozi kirefu. Aliporudi alikuwa anahema. Alikuwa amesinzia kwenye kochi, maharage yakaungua, na nyumba yake ya Edmonton, kaskazini mwa London, ilikuwa imejaa moshi.

"Asante, mtoto yangu," akasema. "Lakini leo mbona amekutuma weye? Bwana yangu anapigaka yeye mwenyewe, kila magharibi."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu tulimuzika."

Nilikirudisha kipande, na zile alama nyekundu zikakoma palepale. Bosi wangu anasema lazima iko ratiba ya kujiendesha iliyofichwa mahali, ndiyo inayokiita. Tumeitafuta, hatujaiona mpaka leo. Aliniambia pia kwamba kabla yangu meza ninayokalia ilikuwa ya Mkongo mmoja, fundi hodari, aliyefariki. Sikumwuliza alikuwa akivaa koti gani. Tangu hapo chai naenda nayo ofisini kwenye chupa, jikoni kule siingii.

Bibi namtembelea Jumapili baada ya ibada yake. Ananisimulia kwamba mumewe humwuliza habari ya jiko, humkumbusha dawa, kisha humtakia usiku mwema. Mimi naitikia tu kwa kichwa. Nitamwambia nini? Kipande kile nimekisoma mstari kwa mstari. Kinapiga simu, basi. Hakina sauti ndani yake, hakuna neno hata moja lililorekodiwa.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi kama yangu, chombo kikikuambia hakuna anayeita, usiwe mwepesi wa kufuta. Ijue kwanza nyumba ambamo simu inalia, na nani yumo ndani anaingoja.