Moshi Aliouuza Mama

Nilikuwa nafundisha uchumi katika shule moja ya sekondari mjini Mbeya, kwa hiyo mradi wa majiko ulipofika Igawa, kijijini kwetu, mama alinipigia simu kama anayeita fundi. "Njoo unieleze. Wamenipa jiko la bure, na mimi cha bure sikiamini."

Nikaenda Jumamosi. Mama ni mamalishe. Anawapikia madereva wa malori wali na maharage kando ya barabara kuu. Nikamweleza kwamba jiko lile linakula kuni chache, moshi unaopungua unapimwa, kisha viwanda vya ng'ambo vinaununua.

"Wananunua moshi?"

"Wananunua ule ambao hukuutoa."

"Wa kufanyia nini?"

"Wapate kibali cha kutoa wa kwao."

Akanitazama. "Yaani mimi nifunge ili wao wale? Na bei anapanga nani? Mchele wa Madibira walau nabishana na mwenye gunia."

Nilitaka kumfundisha soko la kaboni, nikaishia kumsaidia kupakua maharage.

Miezi michache baadaye akapiga tena: kesho mkaguzi anakuja kuangalia kama majiko yanatumika. Nilipofika, jiko lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati la vyombo, lilikokaa siku zote chini ya kitambaa cha kufuma. Lilikuwa jipya kabisa. Mama alikuwa anakwangua masizi ya sufuria na kulipaka, kwa utulivu wa mtu anayempamba bibi harusi. Mimi mwalimu nilipaswa kumkataza. Nikachukua tambara nikasaidia upande wa pili.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alimwamkia mama, akalizunguka jiko, akaingiza mkono ndani, akautoa safi.

"Mama, hili jiko mnapikia kwa nje?"

Mimi nikatazama viatu vyangu. Mama akaenda nyuma ya banda, akarudi amebeba sufuria lake la kulisha watu arobaini, akalitua juu ya jiko. Likayumba, likaanguka kwa kishindo, kuku wakatawanyika.

"Aliyelitengeneza alidhani nina mume na watoto wawili," mama akasema. "Mimi nina barabara nzima."

Mkaguzi alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akapima kitako cha sufuria kwa kamba na kuandika ukweli: jiko halitumiki, ni dogo. Niliogopa watamnyang'anya na kumfuta kwenye mradi.

Baada ya mavuno ya mpunga alikuja fundi wa mradi na kile kipimo cha kamba, akamjengea jiko kubwa la matofali, sufuria linazama ndani kama limezaliwa humo. Sasa mama anapika bila kukohoa, na macho yake yamepona wekundu. Jirani yetu muuza kuni alinuna wiki nzima, hatusalimii. Wiki ya pili alikuja na daftari lake kuuliza jina linaandikishwa wapi, kwa sababu mkewe naye anakaanga maandazi.