Madumu ya Verlin Stokke

Katika kambi ya akina Stokke mtu hazeeki kwa miaka. Anazeeka siku anapokabidhiwa mwiko. Asiyeweza tena kubeba paja la elki, yule mnyama wa milimani mwenye kimo cha farasi na pembe kama mti mkavu, hubaki hemani akigeuza bekoni, wenzake wakitokomea msituni na pinde zao. Mzee Halvor alipewa mwiko msimu mmoja tu. Theluji ilipoyeyuka alikuwa keshazikwa, na mwiko umerudi kwenye sanduku la vyombo, umeoshwa ukatakata, unamngoja mwingine.

Verlin alijua huyo mwingine ni nani. Kiwanda cha mbao kilipofungwa kilimwachia magoti mabovu, na baa ikamwachia tumbo lililotangulia kufika kila alikokwenda. Msimu uliopita alihema kwa kishindo hata elki wakahama bonde.

"Shemeji, nimeshakununulia aproni," Orrin, kaka wa mkewe, mtu mwembamba kama msumari na mkali vilevile, alimwambia baani. "Ina maua."

"Itunze. Utazikwa nayo."

Baa nzima ikacheka. Verlin naye akacheka, kisha akaisukuma kando bia yake ikiwa nusu. Hapo ndipo watu walipojua mambo yameharibika.

Juu ya mji wa Larkin kuna kilima chenye herufi kubwa ya mawe meupe, L, kana kwamba wakazi huamka wamesahau wako wapi. Wawindaji wa upinde hukipanda kiangazi kizima, mizigo mgongoni, wakipumua kama wanaojifungua. Wenye kichwa kigumu hubeba mchanga. Wajanja hubeba maji: unapanda na uzito, ukifika juu unayamwaga, unashuka bila mzigo, na magoti yanashukuru. Verlin alikuwa mjanja. Alijaza madumu mawili, akayafunga kwenye begi, akapanda.

"Hebu nielewe," alisema mkewe, Twyla. "Maji ya bomba langu unayapandisha kilimani kwenda kunywesha mawe, na nyanya zangu hapa zinakata roho?"

"Ni mazoezi, mama."

"Basi yafanyie bustanini."

Hakuyafanyia bustanini. Alipanda kwa jua, akapanda kwa mvua, akatapika kwenye mguu wa ile L na kuendelea. Tumbo likanywea. Kufikia Agosti alimpita Orrin kilimani, Orrin akiwa na gunia lake la mchanga. Verlin alipiga mbinja tu, na mbinja ile ilikuwa matusi tosha.

Septemba ikafika pamoja na msimu wa kuwinda, na Verlin akapanda mlima kama mtu aliyeibiwa miaka akairudisha. Kule juu kabisa, dume la elki lilitoka kwenye misonobari likilia kwa kiburi. Akavuta upinde. Mshale ukaingia nyuma ya bega, na dume likaanguka hatua chache tu mbele.

"Jamani, shemeji!" Orrin alimkumbatia. "Aproni naichoma moto!"

Wakalichuna, wakalikata, kila mmoja akatia paja begini na kujitwisha. Jua la Septemba halina huruma na nyama. Ilibidi ifike kwenye kivuli cha kijito kambini upesi. Na kambi ilikuwa chini.

Sisi tulishaambiwa kuhusu kupanda mchongoma. Larkin hakuna mchongoma, na Verlin hakuwa na wa kumwambia. Kiangazi chote magoti yake yalijifunza kupanda na mzigo; kushuka nao hayakuwahi, hata mara moja. Kwenye mteremko wa kwanza yalitetemeka. Kwenye wa pili, la kulia likalia kama kuni mbichi, naye akaketi bila kupenda.

"Tua begi," alisema Orrin. "Nitalirudia."

"Silitui."

"Verlin, acha ujinga."

"Nenda! Nasema nenda!"

Orrin akaenda, maana nyama yake nayo ilikuwa inapata joto. Verlin akashuka kwa makalio, akiburuta paja nyuma yake, nzi wakimsindikiza kama ndugu wa marehemu. Orrin aliporudi kumchukua, kivuli kilikuwa kimeshahamia upande wa pili wa bonde. Alifungua begi, akanusa karibu na mfupa, pale nyama huanza kuoza, akalifunga taratibu.

Verlin alingoja tusi. Alingoja maua, aproni, mbinja, chochote.

"Umefanya vizuri sana, kaka," alisema Orrin kwa upole, na kumpa bega aegemee.

Hakuwahi kumwita kaka kabla ya hapo.

Asubuhi Verlin aliamka na goti kubwa kama boga. Kando ya jiko, juu ya kitambaa safi, palikuwa na mwiko. Orrin alikuwa anakaza kamba za viatu, hamtazami.

Verlin akawasha jiko.

"Bekoni," akauliza, "unaipenda laini au kavu?"