Kiwanda cha Ngozi Kilichotoka Kwenye Kofia

Wakati huo nilikuwa karani mkalimani katika ofisi ya serikali pale Eldoret, mji ambao wazee wetu walikuwa bado wanauita Sisibo. Nilivaa tai, nilikuwa na kalamu ya wino mfukoni, na usiku nililala landhi, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na wanaume wengine watatu wanaokoroma. Mke hakuruhusiwa. Askari wa mji alipita kila jioni kuinamia chini ya vitanda aone kama kuna mwanamke amefichwa, na usidhani natania.

Mke wangu alikuwa upande wa Chepsaita, kwenye shamba la Kaburu mmoja ambako baba yake alikuwa skwota. Skwota akitaka kulima kipande chake na kulisha ng'ombe wake pale, alilipa kwa kazi, yeye na watu wa nyumba yake, mabinti pia. Na Kaburu huyu, zaidi ya mahindi, alikuwa na kiwanda kidogo cha ngozi: mikanda, hatamu, matandiko ya farasi. Tulifunga ndoa kanisani, tukakaa wiki chache kwa mama yangu, halafu ikabidi arudi kushona, la sivyo baba yake angefukuzwa. Nilimwambia, nikipata chumba tu, nakufuata. Chumba hakikupatikana. Mwaka ukapita.

Najua utauliza, si ungeenda kumsalimia? Wee! Kaburu hakutaka mwanamume asiye wake akanyage pale. Nilienda Jumapili moja kwa baiskeli, mbwa wakanirudisha mpaka barabara kuu na suruali nusu. Barua hakujua kusoma. Nilibaki kuwauliza watu waliotoka huko na magunia, umemwona? Wananiambia ndiyo, yuko, amekonda kidogo. Jameni, mtu anakuambia mkeo amekonda halafu anaendelea na safari yake sokoni! Nilimtamani mwanamke yule mpaka nikawa nasahau wanayoniambia kazini.

Ndipo akaja Bwana kutoka Nairobi. Kijana wa Kizungu, mwembamba, pua imebabuka kwa jua, mwenye heshima kuliko wengi niliowafanyia kazi. Ofisi yake ilitaka kujua viwanda vidogo na vya kati vinavyouza mali nchi za nje vinakwama wapi. Nikapewa yeye, au yeye akapewa mimi.

Kwenda kila mahali hatungeweza, mvua zilikuwa karibu na udongo wa kwetu ukilowa gari linakaa hapo hapo. Alisema tutachagua vichache viseme kwa niaba ya vyote. Nikamwambia basi twende kwa Muhindi wa sabuni, chai yake ina maziwa mengi. Akacheka kweli kweli.

"Hapo ndipo watu huharibu, karani," akasema. "Wanaenda karibu na barabara, kwa watu wanaowapenda, halafu wanaandika kwamba nchi nzima iko hivyo."

Tukaanza kuchambua. Kile kiwanda kikubwa cha maganda ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, tukakitoa, kwa sababu wakubwa wana makarani wao wa kuwasemea. Fundi viatu wa barazani naye tukamtoa, kwa sababu yuko peke yake na cherehani moja, hicho si kiwanda. Bwana alitaka watu kumi na kuendelea. Wakabaki wa mbao, wa jibini, wa sabuni, wa jemu, wa magunia. Na wa ngozi, kule Chepsaita. Nilipolisoma jina la lile shamba nikajifanya nakohoa.

"Huyu anauza wapi?" Bwana akauliza.

"Uganda, Bwana."

"Uganda si nje. Forodha yetu na yao ni moja. Mtoe."

Uganda si nje! Mtu anapanda treni siku nzima na usiku, anafika kwa watu wanaokula matoke, wana mfalme wao, halafu Bwana anasema hajatoka nyumbani. Na kwangu mimi Chepsaita, ambako ningefika kwa baiskeli kabla ya chakula cha mchana, ndiko kulikokuwa nchi ya kigeni. Nilijizuia kuyasema hayo. Nilichosema ni kwamba hatamu zile haziishii Uganda, zinapita mpaka Kongo kwa Wabelgiji. Na ilikuwa kweli, mke wangu mwenyewe aliniambia alipokuwa kwetu, jinsi wanavyozifunga kwenye magunia na kuambiwa hizi ni za Kongo, shoneni vizuri. Bwana akafikiri. Akasema haya, abaki.

Kubaki hakukutosha, bado ilikuwa ni kura. Vikaratasi vilikunjwa vikatiwa kwenye kofia ya Bwana, na wa kuvuta akawa tarishi wetu, mzee asiyejua kusoma, ili asijue anachovuta. Mzee yule alikuwa na mambo yake. Kwanza aliomba maji akanawa mikono. Halafu akakunja mkono wa shati kana kwamba anataka kumsaidia ng'ombe kuzaa. Akavuta wa mbao, akavuta wa jibini, akavuta wa mbao mwingine. Kila akiingiza mkono moyo wangu unaingia naye. Ikabaki karatasi moja tu ya kuvuta. Akakoroga, akakoroga, mpaka nikasema, "Mzee, si uvute!"

Akaniangalia. "Kwani una haraka ya kwenda wapi?"

Akavuta wa ngozi.

Usiku ule nilipiga viatu rangi mara mbili. Niliomba pasi kwa dobi na kuinyoosha tai, ambayo hainyooshwi. Wenzangu wa chumbani walinicheka: "Unaenda kupima viwanda au unaenda kuposa?" Nikawaambia nyamazeni, lakini nilikuwa nacheka mwenyewe. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa.

Tulifika asubuhi na gari la serikali, na safari hii mbwa walifungwa. Harufu ilitupokea getini, ngozi mbichi na maji ya miwati. Nyuma ya banda, kwenye kivuli cha paa la bati, wanawake walikuwa wamekaa chini wanashona kwa sindano kubwa. Mikono yao yote ilikuwa na rangi ile ile ya kahawia. Nilimwona kabla gari halijasimama. Na yeye aliniona. Hakupunga mkono wala hakuita. Aliweka hatamu chini, akasimama, akaingia upande wa nyumba za maskwota haraka haraka. Nikafikiri ameona haya.

Kaburu alitukaribisha ofisini kwake, meza moja na bunduki ukutani. Bwana akaanza maswali.

"Una wafanyakazi wangapi?"

"Watatu," akasema Kaburu. "Mmoja wa kuloweka, wawili wa kukata."

Nilidhani sikusikia vizuri. Bwana akaweka kalamu chini. "Watatu tu?"

"Bwana," nikasema, ingawa sikuulizwa, "kuna akina mama nyuma. Hao ndio wanaoshona. Ni wengi."

Kaburu hakukasirika hata. Alinieleza kama unavyomweleza mtoto. Wale si wafanyakazi, wale ni wa maskwota. Wanalipia ardhi ya baba zao. Hawana mshahara, kwa hiyo hawahesabiwi. Bwana akanitazama, akamtazama Kaburu, na niliona kwamba jambo lile halikumpendeza. Lakini sheria yake aliitunga mwenyewe na aliipenda. Mfanyakazi ni mtu anayelipwa mshahara. Watatu hawafiki kumi.

"Basi nimekosea kukupotezea wakati," akamwambia Kaburu, akasimama. Kwangu akasema, "Tutachukua wa sabuni badala yake. Utapata chai yako, karani."

Hata kiti hakikupata joto. Nilikuwa nimejipangia mambo, kwamba wakati Bwana anauliza habari za Kongo na bei na treni, mimi nitaomba ruhusa nizunguke nyuma, nimshike mkono, nimweleze habari ya chumba, nimwombe avumilie. Kumbe hakuna.

Tukatoka nje. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya gari. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, kichwani kitambaa safi, na miguuni pake kulikuwa na kikapu, sufuria, na blanketi limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya ngozi. Wenzake walikuwa wameacha kushona, wanatuangalia, mmoja anatabasamu kwa ajili yake. Ndipo nikaelewa alichokimbilia.

"Umechelewa," akasema. "Lakini na gari kabisa! Sikujua ungekuja na gari."

Mkalimani mzima, lugha tatu, na hakuna hata moja iliyonisaidia.

"Nimekuja na kazi," nikasema.

"Kazi gani?"

"Ya viwanda. Kuuliza wanaouza nje."

Akaliangalia gari, akamwangalia Bwana aliyekuwa ameshakaa mbele anafuta vumbi kwenye miwani yake. "Chumba umepata?"

"Bado."

"Kwa hiyo hukunijia mimi."

"Nimekujia wewe," nikasema. "Wallahi, ni wewe tu niliyekujia."

Alinitazama, nadhani alitaka kuniamini. Bwana akauliza kwa dirisha, kwa upole, huyu mama ana shida gani. Nikasema ni mke wangu. Akasema lo, pole, akaangalia saa, akaniambia gari ni la serikali, hawezi. Nikajibu ndiyo Bwana. Mke wangu hakujua Kiingereza lakini hapo hakuhitaji mkalimani.

Hakulia. Aliinama akachukua kikapu na sufuria, akaviweka kichwani na mkononi. Blanketi akanisukumia kifuani. Ni mimi niliyemnunulia wiki ile ya harusi.

"Chukua," akasema. "Wewe unalala peke yako huko, na Sisibo kuna baridi. Mimi nalala na mama."

"Si ni lako. Litakaa hapa, nitakuja."

"Nenda, mzungu wako anangoja."

Alirudi kwa wenzake hivyo hivyo, na gauni la kanisani, akakaa chini, akaokota ile hatamu akaendelea kushona. Sikumwona tena akiinua kichwa. Gari lilikuwa limeshafika barabarani Bwana alipoanza kunieleza kwamba uchaguzi mzuri ni lazima uwe na akiba, kwamba mmoja akitoka mwingine anaingia mahali pake. Nilimjibu ndiyo, ndiyo.

Usiku nilijifunika lile blanketi mpaka kichwani. Lilikuwa na harufu ya moshi, na ya ngozi, na chini kabisa harufu ya shingo yake. Wenzangu walisema lifue, linanuka. Nilikataa. Nililala nalo hivyo hivyo mwezi kwa mwezi, mpaka usiku mmoja nilitafuta harufu ile kila pembe, nikakuta kwamba sasa linanuka mimi tu.