Turubai Moja kwa Meza Mbili

Balbina Egidius Kelestini ni mjukuu wa Kelestini aliyeshuka kutoka Mahenge na shoka begani akafyeka pori la Katindiuka, na ni binti wa kaka yangu Egidius, aliyesimamia kuchimbwa kwa kisima cha pampu mtaani kwetu Lumemo. Balbina mwenyewe ndiye aliyetengeneza programu ya ghala la mpunga la wakulima. Ukoo wetu haujazoea kuinamisha kichwa. Ndiyo maana siku ile ilituchoma.

Yosefina wa Namawala alileta magunia yake, Frida karani wa meza ya pili akayaingiza, na Yosefina akaliona jina lake kwenye kompyuta kwa macho yake. Aliporudi kuyachukua akakoboe, kompyuta ikasema hana hata gunia moja. Akamgeukia Raimundi, karani wa meza ya kwanza, ambaye wengi walimwona akifuta kitu siku ile ya kupima.

"We Raimundi, umenifuta ili magunia yangu yawe yako?"

"Mama, nilifuta kosa langu. Nilimwandika mtu mara mbili."

"Kumbe kosa lako linaitwa Yosefina!"

Watu wakacheka. Mwingine akataka wakampekue nyumbani. Salvatory, mwenyekiti wa ghala, akamnyang'anya Raimundi funguo za ghala palepale.

Balbina tulikuwa naye. Alifungua kompyuta yake, akasoma, uso ukamshuka. Akamvuta mwenyekiti pembeni, nami nikasikia: "Kosa ni langu, si la Raimundi."

"Rekebisha kimyakimya," Salvatory akamwambia. "Watasahau."

"Na Raimundi waliyemwita mwizi, watamsahau?"

Akaenda kusimama penye mizani.

"Wazazi wangu, shikamooni. Karani akiingiza magunia, yanaonekana kwenye kompyuta, lakini hayaendi moja kwa moja kwenye hifadhidata, yaani daftari lake la kudumu. Yanakaa kwanza mahali tunapopaita sesheni, mpaka programu iambiwe ihifadhi au ifute. Kila kazi ilitakiwa ifunguliwe sesheni yake, na ikiisha ifungwe. Mimi nilifungua moja tu asubuhi, meza zote mbili zikaitumia. Ni kama nilitandika turubai moja nikaanika mpunga wa watu wawili. Raimundi alipokung'uta atoe wa kwake, wa mama ukamwagika nao."

"Hapa hata mtoto anajua kila mtu na turubai lake," Yosefina akasema.

"Najua, mama. Nimekulia kwenye kuanika."

Safari hii hakucheka mtu. Afadhali wangecheka. Mimi niliyekuwa nimemsifia kila Jumapili baada ya misa nilibaki naitazama miguu yangu. Ghala lilipohesabiwa, mpunga ukazidi ule ulioandikwa kwenye kompyuta, na uliozidi ndio wa Yosefina. Akapewa, akaondoka bila kuaga.

Balbina akachukua funguo kwa Salvatory, akampelekea Raimundi kwa mikono miwili. Raimundi hakuzipokea.

"Nisamehe, kaka. Nina kazi nakuomba uishike wewe."

"Dada, mimi hayo mambo siyajui."

"Siyo lazima uyajue. Nikimaliza kurekebisha, kabla ghala halijafunguliwa, Frida ataandika magunia kwenye meza yake, na wewe kwenye yako uandike mengine, kisha uyafute makusudi. Na kila nikibadilisha kitu, mfanye hivyo tena. Ya Frida yakipotea, usinifiche. Sema, na ghala lisifunguliwe."

Raimundi akamtazama kwa mara ya kwanza. "Niseme mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akanyoosha mkono, akachukua funguo.