Nusu ya Tangi

Kwa miaka mingi hakuna aliyegusa tangi la dizeli la boti ya nahodha isipokuwa mimi. Nililichomelea mwenyewe hapa Malindi ya Unguja, nikalibana chini ili likae sawa tumboni mwa boti, kisha nikachonga kijiti cha kulipimia. Alama za kijiti hazikuachana sawasawa: za chini zimeachana mbali, za juu zimebanana, kwa sababu tangi lenyewe ni jembamba chini na pana juu.

Kisha akaja mwalimu. Alikuwa mwanamke wa rika langu, akisomesha fizikia skuli moja ya Mji Mkongwe, na siku za mapumziko akijifurahisha kwa kuunga vifaa vya umeme. Alileta kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, akaiunga na waya wa boya linalopanda na kushuka ndani ya tangi. Mafuta yakipungua, boya hushuka na umeme unaopita kwenye waya hubadilika. Kile kidude kikausoma, kikapeleka hesabu kwenye simu ya nahodha.

"Njoo uone, fundi!" nahodha akaniita, anacheka kama aliyepata mjukuu. "Nshaachana na kuinama na kijiti. Mwalimu huyu ana akili, wallahi."

Miaka yote ile hakuwahi kuapa hivyo kuhusu akili zangu mimi.

Wiki nzima sikuwa na raha. Nikipita gatini nasikia mwalimu hivi, mwalimu vile. Mke wangu akaniuliza kilichonisibu. Nilipomueleza akaweka kikombe chini. "Mwanamme mzima unamuonea kijicho mwalimu wa skuli?" Nilijua anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Asubuhi moja nahodha alikuwa anapakia wageni wanane wa kupelekwa hoteli ya Uroa, safari ya kuzunguka kaskazini mwa kisiwa. Akanionesha simu. "Nusu tangi. Tunakwenda na kurudi, tena na ziada."

Nikaelewa palepale. Mwalimu alikuwa amepima tangi tupu na tangi lililojaa, akagawa kati kwa usawa, kama vile tangi ni sanduku. Boya likiwa katikati, mafuta hayafiki nusu; yanazidi theluthi kidogo tu. Maneno yalinifika mdomoni. Nikasema, "Safari njema," nikarudi kwenye kazi yangu.

Wageni walifika Uroa salama. Wakati wa kurudi, mashine ilizimika mbali na pwani ya kaskazini. Alhamdulillahi bahari ilikuwa shwari, na wavuvi waliokuwa karibu wakaifunga boti kamba wakaivuta hadi ufukweni. Niliitwa mimi kwenda kutoa hewa iliyoingia kwenye mipira ya mafuta tangi lilipokauka. Nahodha alikuwa amekaa mchangani, midomo imemkauka kwa jua. "Simu ilisema yapo," akaniambia, na hakuweza kunitazama. Nami sikuweza kumtazama yeye.

Kesho yake mwalimu alinijia karakanani. Nilidhani atatoa visingizio.

"Kaka, kosa ni langu," akasema. "Nshamuomba radhi nahodha. Lakini tangi lile sijui lina umbo gani ndani. Aliyelitengeneza ni wewe. Nnakuomba unisaidie."

Tukalikausha tangi. Nikawa namimina dizeli kwa ndoo, lita kumi kumi, naye kila mara anaandika namba inayosomwa na kidude chake. Tulipofika ndoo ya tano sikustahamili tena.

"Nlijua," nikamwambia. "Asubuhi ile nliiona ile nusu, na nlijua si nusu. Nikanyamaza."

Akaacha kuandika. Uso wake ulibadilika, nikaona hasira yake ikija na akiizuia.

"Walikuwamo watu mle," akasema.

"Nnajua."

"Basi hilo kamwambie nahodha mwenyewe. Mimi si wa kuambiwa." Akashika kalamu. "Tia nyengine."

Nilimwambia nahodha siku hiyohiyo. Alikaa mwezi mzima bila kunisemesha, na nilistahiki. Alipoanza tena kuniita, aliniita pamoja na mwalimu. Sasa tumeshafunga vidude vile kwenye boti kadhaa, mimi napima matangi, yeye anaandika hesabu.

Watu wakisifu kazi, humsifu yeye kwanza. Hilo bado hunichoma. Ila siku hizi, nikiona namba haiko sawa, husema kabla kamba ya boti haijafunguliwa gatini.